Bizimu, si Kifungo

Imezunguka hapa mjini rasimu ya faharasa ya makumbusho, kazi ya kamati ambayo kwa heshima sitaitaja, na humo fibula ya Kirumi, ile pini ya kubania vazi, imepewa jina la "kifungo cha Kirumi". Haya, tuliweke neno hilo kwenye kichwa cha habari: "Mkulima Mwingereza apata kifungo cha Kirumi." Msomaji wa Buyenzi atauliza kafungwa miaka mingapi.

Wapo wanaotaka "broshi", eti kwa kuwa Bujumbura tumesoma Kifaransa. Mabwana hawa wamesahau wanachokula jioni. Kwa Wafaransa, broche ni kijiti cha kuchomea nyama kabla ya kuwa pambo, na brosheti zetu za mbuzi ni mtoto wa neno hilohilo. Anayekimbilia Kiingereza aseme "bruchi" hajaponyoka: mzizi ni uleule, na moshi ni uleule.

Neno tunalo: bizimu. Limetoka kwenye ibzim ya Kiarabu, limo katika kamusi zetu tangu zamani, na maana yake ni chuma cha kubania mkanda au vazi. Nilipolipendekeza kwa maandishi nilijibiwa kwamba "halijulikani". Halijulikani na nani? Fundi wa mikanda hakuulizwa.

Pingamizi lao la pili ni kwamba bizimu ni ya mkanda tu. Hata Kilatini chenyewe hakikuwa na ubahili huo. Fibula inatokana na kitenzi cha kukaza na kushikiza, na Julius Caesar, akisimulia daraja la mbao alilojenga juu ya mto Rhine mwaka 55 KK, aliviita fibula vibanio vya magogo. Madaktari nao wakaliazima kwa ule mfupa mwembamba wa mguu, kwa kuwa ukiwa kando ya muundi unafanana na sindano ya bizimu. Wagiriki walikuwa wametangulia, neno lao perone likibeba maana zote mbili, pini na mfupa. Basi neno lililobeba daraja na mguu leo linashindwa na mkanda?

Zaidi ya hayo, bizimu inakaa vizuri na viungo vyake: sindano, kishikio cha ncha, na kamani, yaani waya uliosokotwa unaoirudisha sindano mahali pake. Kamani nayo asili yake ni upinde kwa Kiajemi, na mgongo wa bizimu nyingi za Kirumi umepinda hasa kama upinde. Askari alilibana joho kwenye bega la kulia, mkono wa upanga ubaki huru. Anayejua vazi letu la imvutano linavyoshikizwa begani hahitaji mchoro.

Faharasa hiyohiyo inaita kila kilichookotwa "hazina". Kwa sheria ya Uingereza ya 1996, bizimu moja ya shaba iliyopatikana peke yake kwa kawaida si hazina. Anayeiripoti kwenye mpango wa kuorodhesha vitu vya kale, ulioanza 1997, anafanya hivyo kwa hiari yake.

Matumizi: ngeli ya i-/zi-, bizimu ya Kirumi, bizimu mbili za shaba; aliyeiokota ni mwokotaji. Mfupa wa mguu ubaki fibula. Huo ni wa kamati nyingine, nayo nimekwisha kuiandikia.