Chumvi ya Uvinza na Elimu ya Vijana Wetu

Katika kuadhimisha miaka 10 ya Chama Kikuu chetu yatupasa kutazama tulikotoka. Hapa Bangwe hakuna mvuvi asiyeijua chumvi ya Uvinza. Basi na tuanze na chumvi hiyo, kwa maana ndani yake imo habari ya elimu.

Chemchemi za maji ya chumvi zi karibu na mahali ambapo mto Ruchugi huingia katika Malagarasi. Wachunguzi wa mambo ya kale walipochimba huko mwaka 1967, walipata dalili kwamba chumvi imepikwa Uvinza kwa zaidi ya miaka 1,000. Kila kiangazi watu walikusanyika, wakachemsha maji katika vyungu mpaka yakakauka, wakawapa watawala wa Wavinza sehemu yao, na chumvi iliyobaki ikauzwa mbali, hata ng'ambo ya Ziwa. Ujuzi huo mzee alimrithisha mtoto palepale penye moto.

Mwanzoni mwa karne ya 20 kampuni ya Kijerumani ilizitwaa chemchemi hizo. Mwaka 1914 reli ikafika Kigoma, na chumvi ikaanza kusafiri kwa behewa. Tangu hapo kazi ikawa na pande mbili: waliojua mitambo, hesabu na sheria, na waliobeba kuni na magunia. Mwenyeji akawa kibarua katika kazi ya babu zake. Nguvu ya wageni ilimwondoa penye chemchemi, na ukosefu wa elimu mpya ukamzuia asirudi kuwa bwana wa kazi yake.

Nayo elimu hiyo ilikuwa mbali. Kijana wa mwambao huu aliyebahatika alikwenda Tabora, na aliyebahatika zaidi alivuka mpaka kwenda Makerere. Nchi yetu haikuwa na chuo kikuu chake hata Oktoba 1961, wiki chache kabla ya uhuru, Chuo cha Dar es Salaam kilipofunguliwa katika jengo la TANU. Mwaka 1963 kikaanza Chuo cha Ushirika cha Moshi, ambacho tangu 2014 ni chuo kikuu. Leo Dodoma kuna Chuo cha Madini, na Bodi ya Mikopo ilianza kazi mwaka 2005. Ada ya sekondari katika shule za Serikali iliondolewa mwaka 2016 kwa kidato cha kwanza hata cha nne, na mwaka 2022 kwa kidato cha tano na cha sita.

Hata hivyo, ada imeondoka, lakini nauli, chakula na madaftari havikuondoka. Kijana wa machimboni huona ujira wa leo u karibu, na cheti ki mbali. Naye huchagua kilicho karibu. Hatuwezi kumlaumu ikiwa hatujamsogezea kile kilicho mbali.

Wako wenzetu wasemao, "Tukimsomesha, atakaa mjini wala hatarudi." Neno hili lina ukweli, nasi hatulipuuzi. Lakini tuwakumbuke wafumaji wa Rochdale, Uingereza, walioanzisha duka lao la ushirika mwaka 1844. Baada ya miaka michache walikubali kutenga 2½ kwa kila 100 ya ziada yao kwa ajili ya elimu. Hawakuwa matajiri, bali chama ambacho wanachama wake hawawezi kusoma hesabu zake kimo mikononi mwa karani wake.

Kwa hiyo twaomba Mkutano Mkuu ujao ukubali kiasi hichohicho. Fedha hizo ziwasaidie vijana wa Uvinza na wa mwambao wanaokwenda kusomea madini, uhasibu, ualimu na usindikaji. Nao, kila likizo, wawafundishe wadogo zao wa sekondari hapa nyumbani. Hivyo, hata yule atakayekaa mjini baadaye atakuwa amekwisha kulipa sehemu ya deni lake, na nyuma yake atakuwa ameacha wengine walio tayari kufuata.

Haba na haba hujaza kibaba. Babu zetu walipata kibaba cha chumvi kwa kuchemsha maji mengi na kwa subira kubwa. Elimu nayo haitaki pungufu ya hayo.