Kufungwa kwa Shule Huru za Wakikuyu, 1952: Suala la Umiliki
Baada ya mgogoro wa tohara ya wasichana mwaka 1929, Wakikuyu wengi walijitenga na misheni, wakajenga shule zao kwa michango na nguvu zao wenyewe. Chama cha KISA kilikubali mtaala wa serikali. Kile cha Karing'a kilikataa usimamizi wake. Mwaka 1952, baada ya kutangaza Hali ya Hatari, serikali ya kikoloni ilifunga shule za pande zote mbili kwa tuhuma za kueneza Mau Mau. Chuo cha Walimu cha Githunguri, kilichoanzishwa mwaka 1939, kiligeuzwa mahali pa kunyongea wafungwa. Baadhi ya shule zilifunguliwa tena chini ya bodi za elimu za wilaya. Wazazi walirudishiwa madarasa. Mamlaka juu yake, waliyoyapigania tangu 1929, yalibaki serikalini.