Trauti wa Ziwa Kanada: Jinsi ya Kumshika Ukiwa Nchi Kavu Barafu Ikishayeyuka

Kama uko Toronto, ama una binamu huko anakuambia mwezi wa tano mtoke na mtumbwi, hema na fimbo ya kuvulia, soma hii kwanza. Wengi wakisikia uvuvi wa Kanada wanawaza boti ya injini na mashine ya kuonyesha samaki chini ya maji. Hizo zote hauhitaji. Kuna wiki chache kila mwaka ambapo samaki wa kilindini anajileta mwenyewe hadi kwa mawe ya ukingoni. Ukizijua wiki hizo, unamvua ukiwa umesimama kwa mwamba, chai ya moto kando yako.

Mfano wetu ni Algonquin, mbuga ya mkoa wa Ontario iliyoanzishwa 1893, mwendo wa kama saa tatu kwa gari kutoka Toronto. Ina zaidi ya kilomita mraba 7,600, kumaanisha Nairobi nzima inaingia humo zaidi ya mara kumi. Maziwa yenye trauti huyu ni zaidi ya 100, na mengi hufiki kwa gari. Unapiga kafi, unashuka, unabeba mtumbwi kichwani hadi ziwa linalofuata.

Huyu samaki ni nani?

Usimchanganye na trauti wa mito ya Mlima Kenya na Aberdare. Wale waliletwa na wakoloni. Huyu ni mwenyeji wa kaskazini mwa Amerika, jina lake la kisayansi Salvelinus namaycush. Mwili wake ni wa kijivu au kijani chenye madoa meupe, na mkia umegawanyika kama wa mbayuwayu. Anapenda maji ya nyuzi 10 hivi, na lazima yawe na oksijeni safi. Anakua polepole sana na anaweza kuishi zaidi ya miaka 50. Yaani yule mkubwa unayemuona anaweza kuwa rika la mzazi wako.

Mbona mwezi wa tano?

Hapa ndipo siri iko. Miezi yote ya baridi ziwa limefunikwa na barafu. Mwaka mwingi, barafu ya Algonquin inaisha kati ya mwisho wa Aprili na mwanzo wa Mei. Maji yakifika nyuzi 4 yanakuwa mazito kuliko yote, kwa hivyo yanazama, ya chini yanapanda, na ziwa zima linachanganyika. Kwa muda huo juu na chini ni baridi sawa, na oksijeni iko kila mahali.

Trauti hana sababu ya kukaa chini. Anafuata chakula, na chakula kiko ukingoni, ambako jua linapasha maji moto kwanza na samaki wadogo wanajazana. Ikifika Juni, maji ya juu yanapata joto, naye anarudi kilindini, mita 15 au zaidi. Hapo bila boti umeisha.

Kwa hivyo lenga wiki mbili, tatu za kwanza baada ya barafu. Bonasi ni kwamba usubi wenyewe, wale wadudu wadogo wanaouma kama wamelipwa, bado hawajatoka kwa wingi.

Karatasi kwanza

Mtu mzima anahitaji leseni ya uvuvi ya Ontario, na mgeni analipa zaidi ya mkaazi. Kulala ndani ya mbuga ni kibali kingine, unabuki mapema. Msimu wa trauti unafunguliwa mwishoni mwa Aprili, na idadi ya samaki wa kubeba ni ndogo, kwa hivyo soma kanuni za mwaka huo. Samaki wadogo walio hai kama chambo ni marufuku Algonquin, sababu wakitoroka wanaharibu ziwa. Makopo na chupa pia usibebe ukienda maziwa ya ndani.

Simama wapi?

Kambi zimewekwa alama za rangi ya chungwa, na njia za kubebea mtumbwi ni za njano. Ukichagua kambi, usiangalie kwa kupiga selfi pekee. Tafuta haya:

1. Rasi ya mawe inayoingia ziwani, ambapo ukingo unashuka ghafla. Hatua mbili kutoka kwako maji tayari ni meusi.
2. Mdomo wa kijito kinachoingia ziwani.
3. Sehemu nyembamba kati ya visiwa viwili.
4. Ukingo unaopigwa na upepo. Mawimbi yanasukuma chakula upande huo, na trauti anakifuata.

Saa nzuri ni alfajiri na jioni, lakini siku ya mawingu anaweza kula mchana kutwa.

Vyombo

Fimbo moja ya futi 6 na nusu hadi 7, rili ya kawaida, na mshipi wa nguvu ya ratili 8. Chambo ni vile vibati vinavyong'aa vyenye umbo la kijiko, vya fedha au fedha na bluu, uzito wa gramu 10 hadi 15. Vikitingishika majini vinafanana na samaki mdogo aliyeumia, kama omena mmoja amepotea mbogi yake. Beba kama sita, sababu mawe yatakula baadhi. Ongeza koleo la kutolea ndoano na wavu mdogo.

Unarusha aje?

Rusha mbali, kisha usikimbilie kukunja. Acha kibati kizame huku ukihesabu hadi tano, halafu vuta polepole. Maji ni baridi na samaki hana haraka. Kila mita chache, simama kidogo kiyumbe na kushuka. Mara nyingi anagonga hapo hapo.

Mrusho wa pili hesabu hadi kumi. Ukigusa mwamba, punguza. Zungusha mirusho kama feni, kutoka kushoto hadi kulia, na usisahau kurusha sambamba na ukingo, sababu ndipo anapita. Dakika 20 bila kitu, hama mwamba.

Akishika, usilazimishe. Akitaka kwenda chini mwache aende, atachoka.

Maji haya yanaua

Sasa hii sehemu usiruke. Siku ya Mei inaweza kuwa na jua tamu la fulana, lakini ziwa liko nyuzi 5, kama soda imetoka friji. Kule hufundishwa hesabu ya 1-10-1: ukianguka una dakika 1 ya kudhibiti pumzi, dakika 10 ambazo mikono bado inakutii, na kama saa 1 kabla ya kupoteza fahamu. Wengi hawafiki hata hiyo saa. Wanavuta maji kwa mshtuko wa dakika ya kwanza, hata kama wanajua kuogelea.

Mchoraji maarufu Tom Thomson alikuwa mvuvi na mzoefu wa mtumbwi. Julai 1917 alitoka peke yake Canoe Lake, hapo hapo Algonquin, na mwili wake ukapatikana majini siku nane baadaye. Hadi leo watu wanabishana ilikuwaje. Kujua kupiga kafi hakukumwokoa.

Kwa hivyo jaketi la kuokolea maisha linavaliwa na kufungwa, si kukaliwa. Mtumbwi upite karibu na ukingo, usikate katikati ya ziwa. Upepo ukichachamaa, kaeni kambini, hata kama bosi anawangoja Jumatatu. Nguo kavu zikae ndani ya mfuko usioingiza maji. Hii ndiyo raha ya kuvua kutoka nchi kavu: samaki wako karibu, na wewe hauna sababu ya kuwa majini.

Kudishi

Weka mdogo, rudisha mkubwa. Mkubwa ndiye mzazi wa ziwa, na pia amekusanya zebaki nyingi mwilini. Ukimrudisha, lowesha mikono, mtoe ndoano akiwa ndani ya maji, mshikilie hadi aondoke mwenyewe.

Yule mdogo, mpasue mbali na hema, chumvi, siagi, kitunguu, kwa sufuria juu ya moto. Nyama yake ina mafuta, haitaki mbwembwe. Ukimaliza, chakula chote na takataka vining'inizwe juu ya mti mbali na mnapolala. Dubu mweusi ametoka usingizini na ana njaa kukuliko.

Usiku bado utaganda, kwa hivyo begi la kulalia liwe la baridi kali. Asubuhi ukiona maji yametulia, shika fimbo, tembea hadi mwisho wa rasi. Uko safe, na samaki yuko pale chini ya miguu yako.