Zana mpya za kuunda programu: Ya kupimwa kabla ya kutia saini

Afisi yoyote ya Malindi au Kilifi iliyoajiri wataalamu wa kompyuta, iwe ya hospitali, chuo, hoteli au chama cha akiba na mikopo, hatimaye hukabiliwa na swali moja: je, zana mpya inayonadiwa na muuzaji inunuliwe au iachwe?

Zana zinazozungumziwa hapa ni programu zinazotumiwa kuundia programu nyingine. Zipo za kuandikia maagizo ya kompyuta, za kuyafanyia majaribio na za kuyahifadhi. Aidha, zipo za akili unde zinazomsaidia mtaalamu kuandika, mfano GitHub Copilot iliyoanza kuuzwa Juni 2022.

Wahenga walisema kipya kinyemi ingawa kidonda. Kidonda chenyewe aghalabu hujitokeza baada ya mkataba kutiwa saini.

Funzo la Pwani

Mfano wa karibu ni DHIS2, programu ya takwimu za afya inayosimamiwa na Chuo Kikuu cha Oslo, Norway. Kabla ya kusambazwa kote nchini kufikia Septemba 2011, ilijaribiwa katika uliokuwa Mkoa wa Pwani, ambao ulijumuisha wilaya za Malindi na Kilifi.

Mpango wa awali ulikuwa kuiweka katika kompyuta za kila wilaya. Hata hivyo, mtandao wa simu za mkononi ulipojaribiwa mashinani na kuonekana kwamba unatosha, iliamuliwa kwamba seva moja itumike kwa nchi nzima. Jaribio hilo ndilo lililobadilisha uamuzi, wala si maelezo ya kwenye karatasi.

Programu hiyo haina ada ya leseni na msimbo wake uko wazi kwa yeyote. Hata hivyo, bure haimaanishi bila gharama: seva hulipiwa, wahudumu hufunzwa na lazima pawe na mtu wa kuitunza.

Bei kwa dola

Zana nyingi hulipiwa kwa mwezi na kwa dola za Marekani. Chukua afisi yenye wataalamu 10, kila mmoja akitumia zana ya dola 20 kwa mwezi. Hizo ni dola 2,400 kwa mwaka. Januari 2020, dola ilipokuwa takriban Sh101, gharama ingekuwa Sh242,400. Januari 2024, dola ilipofika takriban Sh160, zana ile ile ingegharimu Sh384,000, hata kama muuzaji hakuongeza senti. Bajeti isiyo na akiba ya kukidhi tofauti hiyo itakwama katikati ya mwaka.

Muuzaji akibadili nia

Facebook ilinunua huduma ya Parse, iliyotumiwa na waundaji wa programu za simu, mwaka wa 2013. Januari 2016 ilitangaza kuifunga, na mwaka mmoja baadaye ikafungwa. Walionusurika kwa urahisi ni wale walioweza kuhamisha data yao, wakisaidiwa na hatua ya kampuni hiyo kuachilia msimbo wa seva. Agosti 2023, HashiCorp nayo ilibadili masharti ya leseni ya Terraform, hatua iliyowafanya baadhi ya watumiaji kuanzisha zana mbadala, OpenTofu.

Kwa hivyo swali la kwanza kwa muuzaji lisiwe "inafanya nini?" bali "tukitaka kuondoka, tutaondoka na nini?" Ikiwa kazi haiwezi kutolewa katika muundo unaosomwa na zana nyingine, afisi imekuwa mpangaji asiyeweza kuhama.

Data na mtandao

Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inaweka masharti kuhusu kupeleka data za watu nje ya nchi, na taarifa za afya zimo katika kundi linalohitaji ulinzi zaidi. Kununua zana hakumwondolei mwenye data wajibu huo. Kamwe rekodi halisi za wagonjwa au wateja zisitumiwe kujaribia zana inayotuma taarifa kwenye seva za ng'ambo.

Vilevile, Mei 12, 2024 nyaya za baharini za EASSy na SEACOM zilipoharibika, intaneti ilizorota Afrika Mashariki. Zana isiyofanya kazi bila mtandao husimamisha kazi yote siku kama hiyo.

Jinsi ya kuamua

Kununua si kosa. Afisi yenye watu wachache inaweza kufaidika muuzaji anapobeba mzigo wa usalama na marekebisho. Muhimu ni kupima:

1. Chagua kazi moja ndogo na watu wawili, kwa muda wa miezi miwili.

2. Andika saa zinazotumika na makosa yanayotokea kabla ya jaribio, kisha wakati wa jaribio. Bila kumbukumbu za awali, hakuna cha kulinganisha.

3. Jaribu kuhamisha kazi yote kutoka kwa zana hiyo kabla ya kulipa.

4. Sajili akaunti kwa jina la afisi, si la mfanyakazi anayeweza kuondoka nayo.

5. Andika sababu za uamuzi na tarehe ya kuupitia upya.

Iwapo saa zilizookolewa hazifikii gharama ya leseni na mafunzo, basi zana ya zamani inayojulikana vyema na wafanyakazi ingali na kazi yake.