Mlango wa Sultani na maneno ya Mungu

Sisi tulio Kiambi tulifundishwa shuleni kwamba zamani meno ya tembo ya upande huu wa ziwa yalivushwa mpaka Ujiji, yakapita Tabora, yakashuka Bagamoyo, yakaingia Unguja. Hapo mwalimu anafunga kitabu. Mimi nataka twende mbele kidogo, mpaka mlangoni kwa Sultani.

Mwaka 1883 Sultani Barghash alijenga Beit al-Ajaib, na feza yake ilitoka sana kwenye ushuru wa meno ya tembo na karafuu. Milango mikubwa ya jumba hilo imechongwa aya za Kurani kwa herufi za dhahabu. Hakuna sura ya mtu wala ya malaika, ni maandishi. Kwa nini mlangoni? Mlango wa mfalme si wa kupitia tu, wandugu. Anayeleta kesi au zawadi anasimama kwanza chini ya maneno yale, na yanamwambia kwamba anayekaa humu ana Mungu upande wake.

Wafalme wa Byzantium waliyajua hayo mapema. Ikulu yao ya Konstantinopoli ilikuwa na lango lililoitwa Chalke, yaani la shaba, na juu yake sura ya Kristo. Masimulizi yanasema Leo III aliiondoa mwaka 726, watu wakaasi, wakamuua afisa aliyepanda ngazi. Wapo wanahistoria wanaosema kisa hicho kilitungwa baadaye na watetezi wa picha takatifu. Sawa, lakini hata mtunzi alichagua lango, maana kinachobadilika langoni mji mzima unakiona. Na Theodora aliporudisha heshima ya picha mwaka 843, sura ya Kristo ilirudi palepale.

Sasa turudi Unguja. Aya zile alizisoma nani? Masheikh, makadhi, waandishi wa forodha. Aliyetoka bara na jino la tembo begani, asiyejua Kiarabu, aliona dhahabu tu. Tena soko la watumwa la Unguja lilikuwa limefungwa mwaka 1873, miaka 10 tu kabla ya jumba, na wengi waliouzwa pale walikuwa watu wa bara.

Milango mingi ya mji ule ina mnyororo uliochongwa kuzunguka fremu. Wengine huko wanasema ni ulinzi wa nyumba. Wengine wanasema ni alama ya mwenye watumwa.