Damu Ina Mwenyewe: Habari za Kupimwa Sida katika Kongo

Ndugu wasomaji, ni mwalimu gani wa dini asiyesikia neno hili katika kijiji chake: «Mimi nipimwe damu? Hapana. Habari zangu zitafika sokoni mbele yangu mwenyewe.» Wengine husema ni ujinga tu. Sisi tusiseme hivyo upesi. Woga huo una historia yake, na mutu asiyejua historia hiyo hataweza kuutuliza.

I. Musitari wa zamani

Wakati wa utawala wa Wabelgiji, waganga pamoja na wasaidizi wao walizunguka katika vijiji juu ya ugonjwa wa usingizi. Watu wote waliitwa, wakapangwa musitari, wakapapaswa shingo kwa kutafuta tezi zilizovimba. Wengine wakachomwa sindano katika mugongo. Hakuna aliyeulizwa kama anakubali. Aliyetaka kusafiri alidaiwa kartasi ya munganga. Katika miaka ya kwanza, wagonjwa wengi walitengwa na jamaa zao na kuwekwa katika lazareti.

Tuseme kweli: kazi ile iliokoa watu wengi sana, na mbele ya mwaka 1960 ugonjwa ulikuwa umepungua kabisa. Lakini watu walijifunza somo lingine pamoja na hilo: kwamba damu ya mutu ni ya serikali, na kwamba anayeonekana mugonjwa hana neno la kusema juu yake mwenyewe. Somo hilo baba alimwachia mutoto.

II. Damu iliyosema kisha miaka mingi

Mwaka 1959, katika Léopoldville, waganga walitoa damu ya watu wengi juu ya kuchunguza mambo ya urithi. Damu ile ikawekwa akiba. Miaka ya 1980, ilipopimwa tena, damu ya mwanaume mumoja ilionekana kuwa na virusi ya Sida. Mwenyewe hakuambiwa kitu, wala munganga aliyeichota hakujua kitu.

Mufano wa pili unatugusa zaidi, kwani ulitokea katika misioni yetu ya kikatolika. Mwaka 1976, kule Yambuku katika jimbo la Équateur, ugonjwa mupya wa Ebola uliua watu 280, na kati yao Masista waliouguza wagonjwa. Wachunguzi walichota damu ya watu wa vijiji vya pale, juu ya Ebola peke yake. Kisha miaka karibu kumi, damu ya watu 659 ilipimwa juu ya Sida. Watano walionekana kuwa na virusi. Walipotafutwa mwaka 1985, watatu walikuwa wamekwisha kufa kwa ugonjwa uliofanana na Sida.

Tusimhukumu mutu. Mwaka 1976 kipimo hakikuwako, na hata jina la Sida halikujulikana. Virusi yenyewe ilionekana mara ya kwanza mwaka 1983, katika Paris. Lakini tushike neno hili: katika inchi yetu damu ilijulikana na wageni mbele ya kujulikana na mwenyewe.

III. Tangu damu mpaka mutu

Mwezi wa kumi 1983, waganga wa Zaïre, wa Ubelgiji na wa Marekani walichunguza wagonjwa katika lopitali Mama Yemo ya Kinshasa. Mwaka 1984 kazi kubwa ya uchunguzi ilianzishwa pale, iitwayo Projet Sida. Mukubwa wake wa kwanza alikuwa munganga Jonathan Mann. Mwaka 1985 kipimo cha damu kilianza kuuzwa katika Marekani, kisha kikaenea. Kazi ya Kinshasa iliendelea hata mwaka 1991, machafuko na unyanganyi vilipoikatiza.

Sasa ulizo gumu likazaliwa. Dawa hakuna: je, kumwambia mutu kuna faida gani? Wengi walinyamaza. Lakini wengine waliona kwamba mutu aliyeambiwa kwa upole, katika faragha, anaweza kumulinda bibi yake, kupanga maisha ya watoto, na kujitayarisha. Mwaka 1990, katika Kampala, jirani zetu wa Uganda walifungua kituo ambapo mutu alikuja kwa hiari yake, bila kutaja jina, akapewa mashauri mbele ya kipimo na kisha kipimo. Ndipo musitari wa zamani ulipogeuka kuwa viti viwili na mulango uliofungwa.

Mwaka 1996 dawa za kweli zilipatikana, zile zinazomezwa pamoja. Na sheria ya Kongo ya tarehe 14 ya mwezi wa saba 2008 ikalinda haki za wenye virusi: mutu apimwe kwa kukubali mwenyewe, na jibu lake lifichwe.

IV. Mutu aambiwe nini leo

Mwalimu anayeulizwa aeleze waziwazi. Kwanza, mushauri anaongea na mutu peke yake, au na mume na bibi pamoja wakitaka. Anaeleza kipimo, kisha anauliza: «Unakubali?» Mutu anaweza kukataa. Pili, anachomwa kidogo kidole, tone moja la damu linatosha. Jibu linapatikana kwa muda wa nusu saa hivi, na kwa kanuni ya programu ya taifa halilipishwi.

Kama virusi haionekani, na hatari ilikuwa ya juzi tu, arudi kisha miezi mitatu, kwa maana damu inakawia kuonyesha. Kama inaonekana, kipimo cha namna nyingine kitahakikisha mbele ya kusema neno la mwisho. Kisha anaanza dawa bila kungojea kudhoofika. Tangu 2015 ndilo shauri la shirika la afya la ulimwengu. Anayezimeza kila siku anaweza kuishi miaka mingi. Na virusi isipoonekana tena katika damu yake, hamwambukizi mwenzake wa ndoa. Mama mwenye mimba akizimeza, kwa kawaida mutoto wake anaokoka.

V. Kazi yetu

Ndugu, tusifikiri musitari wa zamani ulipangwa na serikali tu. Katika inchi mbalimbali za Afrika, kuna parokia zilizodai kartasi ya damu mbele ya kufungisha ndoa, na nyumba za malezi zilizoidai kwa vijana wanaoomba kuingia. Nia ilikuwa njema. Lakini kartasi ikipita mikononi mwa watatu, kijiji kizima kimekwisha kusoma. Kuwashauri wachumba wapimwe pamoja ni wema. Kuwauliza jibu ni jambo lingine.

Siri ya mushauri si siri ya Kitubio, ni kweli. Lakini padri aliyezoea kufunga kinywa juu ya maungamo ataifahamu kuliko wengine. Mutu akimuletea jibu lake, alipokee kama kitu kilichowekwa amana. Asilitaje katika mahubiri hata kwa fumbo, asiliombee kwa jina mbele ya watu, asiliandike.

Watu wetu walipimwa miaka mingi bila kuulizwa. Wataamini kipimo siku watakapoona kwamba sisi, wa kwanza kabisa, tumekubali neno hili: damu ina mwenyewe.