Kakao ya Tetteh Quarshie

Chokoleti tunaiona dukani imefungwa katika karatasi ing'aayo, nasi hudhani kwamba ni kazi ya Wazungu tangu mwanzo hata mwisho. Sivyo. Asili yake ni mbegu za mti uitwao mkakao, ambao kwao ni Amerika ya Kusini. Na sehemu kubwa ya utamu wake hufanyika shambani, mikononi mwa mkulima, ambaye mara nyingi hajapata kuionja.

Habari za mti huo katika Afrika ya Magharibi hazisimuliki pasipo kumtaja mhunzi mmoja wa Gold Coast, yaani nchi iitwayo leo Ghana. Jina lake Tetteh Quarshie. Alisafiri mpaka kisiwa cha Fernando Po, kiitwacho sasa Bioko, akafanya kazi huko, akaona jinsi mikakao ilivyolimwa. Mwaka 1879 alirudi kwao na mbegu, akazipanda Mampong katika milima ya Akwapim. Wamisionari wa Basel walikuwa wamekwisha kujaribu kilimo hicho huko Akropong, si mbali na hapo, katika miaka ya 1850, lakini hakikuenea. Miti ya mhunzi ilizaa. Majirani wakaja kununua mbegu, nao wakawauzia wengine. Mwaka 1891 nchi ile ilipeleka ng'ambo ratili 80 tu, mzigo wa wapagazi wawili. Mwaka uliofuata Tetteh Quarshie alifariki. Mwaka 1911 zilipelekwa tani karibu 40,000, wala hapakuwa na nchi duniani iliyoipita. Na hayo hayakuwa mashamba makubwa ya walowezi: yalikuwa mashamba ya wenyeji.

Tazameni kazi yenyewe. Tunda la mkakao huota hata juu ya shina, si katika ncha za matawi. Likiiva hupasuliwa, na ndani zimo mbegu 30 au 40 zenye ute mweupe, mtamu. Lakini ukiitafuna mbegu yenyewe, ni chungu. Basi hulundikwa pamoja na ute wake, zikafunikwa majani ya migomba, zikavundikwa muda wa siku sita hivi, nazo zikachacha na kupata moto. Hapo ndipo ladha ya chokoleti inapozaliwa. Mbegu isiyovundikwa vema, fundi wa Ulaya hawezi kuiponya kwa sukari wala kwa mashine. Halafu huanikwa juani, na kugeuzwa mara kwa mara. Yanayobaki ni kukaanga, kupepeta maganda, kusaga, na kukanda pamoja na sukari. Ajabu ni kwamba mwaka ule ule wa 1879 Rodolphe Lindt wa mji wa Bern, Uswisi, alipata njia ya kukanda chokoleti kwa saa nyingi mpaka ikalainika.

Lakini bei iliwekwa na mnunuzi. Mwaka 1937 makampuni makubwa ya Ulaya yalipatana yasishindane katika kununua kakao. Wakulima wa Gold Coast, pamoja na machifu wao, wakakataa kuuza. Kakao ikalundikana, nyingine ikachomwa moto, na maduka ya makampuni yakakosa wateja, mpaka Aprili 1938 mapatano yale yaliposimamishwa.

Miaka mingi baadaye, mwaka 2016, ndugu wawili wa kike, Kimberly na Priscilla Addison, walianza kutengeneza chokoleti mjini Accra, kutoka mbegu mpaka kipande kilicho tayari kuliwa. Mbegu wanazokaanga ni za Ghana yenyewe.